Tusihesabu boti tu, tuangalie na deviti zinazozishusha

Ndugu Mhariri,

Ajali ya meli ikizungumzwa, iwe ya zamani au ya juzi, swali la kwanza huwa ni lile lile: ilikuwa na boti ngapi za kuokolea? Swali ni zuri ila halitoshi. Boti iliyokaa juu, mita 10 au 15 kutoka majini, bado haijamwokoa mtu. Kinachoifikisha majini ni kreni ndogo zenye mikono inayotoka nje ya ubavu wa meli, ambazo mabaharia huziita deviti, pamoja na winchi, waya, makapi (yale magurudumu yenye mfereji ambamo waya hupita) na kulabu zake. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuuzungumzie mtambo huo, kwa kuwa ndio unaopakwa rangi kila mwaka na kuguswa mara chache.

Sisi ni mafundi wa Arusha, na wapo watakaouliza Arusha na deviti wapi na wapi. Ni kweli bahari iko mbali. Lakini kazi yetu hapa mtaani Unga Limited ni winchi, kreni na waya za kunyanyulia, na waya haujui kama umening'iniza injini ya lori au boti yenye watu 50. Tena likizo ikifika, watu wa Arusha na Moshi nao wanapanda meli kwenda Unguja na watoto wao.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo karakana zinapokosea. Kanuni za kimataifa zinamhesabu abiria mmoja kuwa kilo 75. Kwenye meli za mizigo mtu ni kilo 82.5. Boti ya watu 50 kwenye meli ya abiria ina kilo 3,750 za watu peke yao. Boti yenyewe na vifaa vyake tuseme kilo 2,500. Jumla ni kilo 6,250, na bado hatujaweka uzito wa makapi na kulabu. Boti inashikwa sehemu mbili, omo (mbele) na tezi (nyuma), kwa hiyo kila upande unabeba kilo 3,125. Kama waya umeshuka, ukapita kwenye kapi la chini na kurudi juu, kila mkondo unabeba nusu ya hizo, yaani kilo 1,560 na kidogo. Fundi asiyezoea mambo ya meli ataona waya wa milimita 8 unamtosha, kwani unavunjika kwenye tani 4 hivi. Utabeba, kweli, siku ya kwanza. Kanuni zinataka waya, minyororo, pingu na makapi viwe na nguvu mara 6 ya mzigo mkubwa wa kazi. Mara 6 ya kilo 1,560 inakaribia kilo 9,400. Hata waya wa milimita 12 wa kreni za kawaida, wa daraja la 1770 la nguvu ya chuma, unavunjika kwenye tani 9 na ushee, haufiki. Unapanda hadi milimita 14, tena wenye cheti kinachotaja mzigo wake wa kuvunjika. Mikono ya deviti na chuma chake chote inatakiwa iwe na nguvu mara 4.5, na mtambo ukitoka kiwandani hujaribiwa kwa mzigo uliotulia wa mara 2.2.

Wengine wanaona namba hizo ni uoga wa watunga sheria. Si uoga. Boti inayoshuka haishuki kwa utulivu. Baharia akiachia mkono wa breki ghafla, boti inagota na kwa nukta moja waya unabeba mara mbili ya uzito au zaidi. Ongeza wimbi linaloinyanyua boti na kuiacha ianguke tena kwenye kulabu. Akiba yote hiyo ina kazi.

Waya wenyewe usiwe wa aina yoyote tu. Waya wa kawaida wa nyuzi kuu sita ukibeba mzigo hujisokotoa, kapi la chini linazunguka, mikondo miwili inajifunga pamoja na boti inakwama katikati ya safari. Unatakiwa waya uliosukwa usijisokote, unaostahimili kutu, na mrefu wa kutosha kufika majini hata meli ikiwa tupu na imelalia upande wa pili kwa nyuzi (digrii) 20. Boti ikishagusa maji, mizunguko mitatu ibaki kwenye ngoma ya winchi. Anayekata waya kwa kipimo cha meli iliyosimama wima gatini anaacha boti ikining'inia mita kadhaa juu ya maji siku meli ikilala.

Kuhusu kutu tutakaa kidogo, maana ndiyo inayoua. Tarehe 10 Februari 2013, katika bandari ya Santa Cruz de La Palma, visiwa vya Canary, boti ya meli ya Thomson Majesty ilianguka wakati wa zoezi na mabaharia watano wakafa. Hapakuwa na dhoruba wala meli haikuwa inazama. Waya ulikatika pale ulipokuwa umelala juu ya kapi la juu kabisa, na uchunguzi ulikuta umeliwa sana na kutu. Ulikuwa haujafikisha hata miaka mitatu tangu ufungwe, wakati kanuni inaruhusu ukae mpaka miaka 5, au ubadilishwe mapema zaidi ukionekana umechoka.

Kwa nini ukatike hapo na si kwingine? Boti ikiwa imehifadhiwa mahali pake, kipande kile kile cha waya hukaa juu ya kapi lile lile miezi na miezi. Kimepinda, kwa hiyo nyuzi zake zimefunguka kidogo upande wa nje. Maji ya chumvi yanaingia na hayapati njia ya kutoka. Chini yake kapi linaficha kila kitu. Mkaguzi anayetembea sitahani na tochi hakioni, na baharia anayepaka grisi anapaka upande wa juu tu. Kinaonekana siku moja pekee: siku boti inaposhushwa, waya unapokwenda na kile kipande kinatoka mafichoni. Ndiyo maana tunasema boti isiyoshushwa haijakaguliwa, hata daftari likiwa limejaa sahihi.

Grisi nayo ina adabu yake. Grisi nzito ikipakwa juu ya waya wenye kutu au chumvi inafungia maji ndani, na waya unaendelea kuoza huku ukionekana unang'aa. Kwanza usafishwe kwa brashi ya waya na kitambaa, ukauke, ndipo upakwe kilainishi chepesi kinachopenya hadi kwenye kiini, na juu yake kile kizito cha kuzuia maji. Kisha upimwe unene kwa kalipa sehemu kadhaa, ukilinganisha na waya ulipokuwa mpya. Waya uliopungua unene bila kulika nje umeoza ndani. Huo hauna dawa, ni wa kukatwa. Nyuzi zilizokatika utazikuta kwa kupitisha tambara taratibu, kamwe si kiganja kitupu.

Na ncha za waya. Hapa tunasema na wenzetu wa karakana, Arusha hii hii na Moshi. Klampu za waya tunazozifunga kwenye winchi za bredauni hazistahili kwenye waya wa deviti. Hata zikifungwa vizuri zinabakiza kama asilimia 80 tu ya nguvu ya waya, na zinalegea kwa mtikisiko. Tena nyingi tunazoziona zimefungwa kinyume. Ile sehemu nene yenye meno inatakiwa ikae kwenye mkondo unaobeba mzigo, na ule msumari uliopinda ukae kwenye mkia. Ukigeuza, msumari unaukata waya unaofanya kazi. Ncha ya waya wa deviti ishindiliwe kwa mashine yenye cheti, au ikae kwenye soketi ya kabari. Na mkono wa deviti uliopinda usipashwe moto kwa gesi na kunyooshwa kwa nyundo kama bampa. Chuma kilichopashwa hivyo huenda kimepoteza nguvu yake na kwa macho hutajua.

Breki ndiyo roho ya mtambo. Watu wengi wanadhani boti inashushwa na mota. Hapana. SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, hauruhusu ushushaji utegemee umeme wa meli, kwani meli inayozama mara nyingi imeshapoteza jenereta. Boti inashuka kwa uzito wake yenyewe, au kwa nguvu iliyowekwa akiba, kama mafuta ya haidroliki yaliyoshindiliwa kwenye mtungi wenye naitrojeni. Mota ni ya kupandishia. Mkono wa breki una uzito mwishoni: ukiuinua boti inashuka, ukiuachia unaanguka wenyewe na boti inasimama. Ndani kuna breki ya pili inayozuia kasi. Ngoma ikizunguka haraka mno, vipande vyake vinatanuka na kusugua ukuta wa nyumba yake. Kasi inayotakiwa ina hesabu yake: 0.4 jumlisha 0.02 mara urefu kwa mita kutoka kichwa cha deviti hadi majini. Kwa mita 15 unapata mita 0.7 kwa sekunde, kwa hiyo boti iliyojaa inatakiwa ifike majini ndani ya sekunde 21 au 22. Ikichukua dakika nzima, breki ya kasi inakwama au makapi hayazunguki, na muda wote huo mawimbi yanaibamiza ubavuni mwa meli.

Breki inaharibika kwa njia tatu tunazozijua vizuri. Sili ya gia inavuja, mafuta yanafika kwenye bitana ya breki, na mkono ukiachiwa boti inaendelea kuteleza. Au maji yanaingia, bitana inagandana na ngoma kwa kutu. Baharia anainua mkono, hakuna kitu, anauvuta kwa nguvu, halafu inaachia yote kwa mkupuo. Ya tatu ni ya binadamu: mkono umefungwa kamba ili baharia asichoke kuushika. Aliyefunga kamba hiyo ameondoa kinga pekee iliyomfanya akianguka au akijeruhiwa boti isimame.

Breki inatakiwa ijaribiwe angalau mara moja kila miaka 5 kwa mara 1.1 ya mzigo mkubwa wa kazi, ikishuka kwa kasi yake ya juu kisha kusimamishwa. Kwa boti yetu ya mfano ni kilo 6,875. Boti yenyewe ina 2,500, kwa hiyo unaongeza kilo 4,375: karibu mifuko 88 ya mchanga ya kilo 50, ikipangwa sawa omo na tezi, kulia na kushoto. Mifuko ya maji ni bora zaidi, inajazwa na kumwagwa kwa pampu na haivunji viti. Mtu asiwemo ndani. Anayejaribu breki kwa kupandisha mabaharia badala ya mifuko aondolewe kazini siku hiyo hiyo.

Wakati wa kupandisha kuna hatari nyingine isiyotajwa sana. Mikono ya deviti ikikaribia mwisho, swichi ya kikomo inakata umeme, na sentimita za mwisho zinamaliziwa kwa mkono wa kuzungushia. Swichi iliyojaa chumvi haikati. Mota inaendelea kuvuta mikono iliyokwishagota na waya unakatika hapo hapo. Ijaribiwe kwa kidole kabla boti haijaanza kupanda. Na mkono wa kuzungushia usibaki umechomekwa mota inapowashwa. Winchi iliyopangwa vizuri haiuzungushi, lakini usiamini meno yako kwa swichi ya zamani.

Kulabu tutaipitia haraka, si kwa sababu ni ndogo bali kwa sababu si kazi ya karakana za mtaani. Boti nyingi zina kulabu mbili zinazofunguka kwa mkono mmoja, hata zikiwa zimebeba mzigo. Moja isiporudi sawasawa kwenye mkao wake, inaweza kufunguka hewani. Boti inabaki imeshikwa ncha moja na watu wanamwagika. Ajali za namna hiyo zilizidi mpaka kanuni zikabadilishwa: kulabu zisizokidhi masharti mapya zilitakiwa ziwe zimeondolewa ifikapo Julai 1, 2019. Kwa meli zinazofuata SOLAS, tangu Januari 1, 2020, ukaguzi wa mwaka, jaribio la miaka 5 na ufunguaji wa kulabu hufanywa na mafundi waliothibitishwa kwa aina hiyo ya mtambo. Sisi tukiletewa kulabu ya boti tuirekebishe, tunairudisha ilikotoka. Kinachowezekana sitahani ni kufunga mkanda wa akiba kati ya kapi na boti wakati wa mazoezi, wa nyuzi za sintetiki wenye nguvu mara 6, ili kulabu ikifunguka boti isianguke. Mnyororo au waya haufai hapo, kwa sababu haunyonyi mshtuko. Na mkanda huo uvuliwe kabla ya kuachia boti majini.

Kwa nini tunasisitiza boti ishushwe? Historia inajibu. Usiku Titanic inazama, Aprili 1912, boti namba 1 yenye nafasi ya watu 40 iliondoka na watu 12. Baadhi ya maofisa hawakuamini kwamba deviti zingebeba boti iliyojaa, ingawa zilikuwa zimejaribiwa kwa uzito huo. Hawakuwa wameuona mtambo wao ukifanya kazi hiyo. Lusitania, Mei 7, 1915, ilikuwa na boti 48 na ilizama kwa dakika 18. Boti sita tu ndizo zilizoshushwa salama. Meli ililala, boti za upande ulioinuka zikaingia ndani na kukwaruza ubavu, za upande wa pili zikaning'inia mbali watu wasizifikie. Leo deviti inatakiwa ifanye kazi meli ikiwa imelala hadi nyuzi 20 na imeinama mbele au nyuma hadi nyuzi 10. Zaidi ya hapo hakuna ahadi.

Hilo linatuleta kwenye vivuko vyetu. MV Bukoba, Mei 21, 1996, na MV Nyerere, Septemba 20, 2018, vyote vilipinduka, na deviti haina kazi kwenye chombo kilichopinduka. Kwa hiyo hatukubaliani na wanaotaka kila kivuko kidogo kiwekewe boti kubwa zenye deviti. Ni kuongeza tani juu ya sitaha ya chombo chembamba, na kukifanya kipinduke upesi zaidi. Kivuko cha safari fupi kinafaa maboya na maboti ya kujaza upepo yenye kifaa kinachojiachia chenyewe kwa mgandamizo wa maji, kabla ya kufika kina cha mita 4. Deviti ziwe kwenye meli ndefu zinazokwenda mbali, na huko ziwe kweli, si pambo.

Tunachoomba kwa wakaguzi ni kitu kimoja: wasitie sahihi bila kuona boti ikigusa maji. SOLAS inataka boti ishushwe na kuendeshwa majini angalau mara moja kila miezi mitatu, na meli ya abiria iweze kushusha zote zikiwa zimejaa ndani ya dakika 30 tangu amri ya kuihama meli itolewe, watu wakiwa wameshakusanyika na kuvaa majaketi. Meli za ndani ambazo hazibanwi na SOLAS moja kwa moja hazina sababu ya kushindwa zoezi hilo. Linahitaji maji yaliyotulia na asubuhi moja bandarini. Kando ya kila deviti kibandikwe kibao chenye tarehe tatu: waya ulibadilishwa lini, breki ilijaribiwa lini kwa mzigo, boti ilifika majini mara ya mwisho lini. Kibao hicho kikae mahali abiria anaweza kukisoma.

Mpaka vibao vije, abiria ana macho. Tazama kapi la juu ambapo waya unapita. Kapi linalozunguka lina mfereji msafi, umeng'arishwa na waya. Ukiona mfereji una kutu, au rangi imelishikisha kapi na fremu yake, ujue halijazunguka tangu siku ya brashi. Tazama pia kama tundu za kupigia grisi zimezibwa na rangi, na kama boti imefungwa mahali pake kwa kamba za nailoni zenye mafundo badala ya mikanda ya kufyatua. Mwambie ofisa wa meli. Asipokusikiliza, piga picha uipeleke TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa meli Tanzania Bara, au kwa meli za Zanzibar, Mamlaka ya Usafiri Baharini, ukitaja jina la meli, tarehe na upande wa meli ilipo boti hiyo.

Mafundi wa winchi na kreni,
Unga Limited, Arusha